Kabla ya Kushika Spana: Mhadhara kwa Madereva Wapya, Morogoro

Habari za mchana, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubadilisha tairi lililopata pancha, na wenyeji wetu wamenipa saa nzima. Kufungua nati tano na kuzifunga tena hakuhitaji saa nzima; utingo wa lori hufanya hivyo huku anapiga soga. Kwa hiyo muda mwingi nitautumia kwa mambo mawili ambayo ndiyo yanayoumiza watu: gari umelisimamisha wapi, na limeshikwa na nini wakati gurudumu moja liko hewani. Nati tutazigusa pia, ila zaidi huko nje, kwa mikono.

Tuanze na mahali. Unatoka hapa Morogoro unaelekea Iringa. Ghafla usukani unavuta upande mmoja na chini kunasikika patapatapata. Usikanyage breki kwa nguvu, hasa likiwa tairi la mbele. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipunguze mwendo lenyewe. Washa hazadi, zile taa za tahadhari zinazowakawaka pande zote. Mpaka hapo wengi wenu mnajua.

Kinachofuata ndicho watu wanachokosea. Wanasimama palepale pancha ilipowakuta, kwa sababu wanalionea huruma tairi: wameambiwa ukitembelea tairi lisilo na upepo unaliharibu. Ni kweli, unaliharibu, na ukienda mbali unaharibu na rimu. Lakini rimu inauzwa dukani. Ukiwa kwenye kona, darajani, au penye lami nyembamba isiyo na pembezoni, endelea polepole, mwendo wa mtu anayetembea, mpaka upate mahali tambarare unapoweza kutoka barabarani kabisa. Mnaoujua mlima Kitonga, huko mbele kwenye barabara hii ya Iringa, mnanielewa. Upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, na malori ya Tunduma yanapanda kwa gia nzito huku mengine yanashuka breki zikinuka. Pale husimami ukachutama kando ya gurudumu. Unakokota gari mpaka penye nafasi, hata tairi liishe lote.

Na kabla hujafika Kitonga umepita Mikumi. Barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita hamsini hivi, na wanyama wale hawajui maana ya hazadi. Gari likiwa bado linakwenda, nenda nalo hadi penye watu. Likigoma kabisa, baki ndani, piga simu, na usubiri msaada. Usiku ndio kabisa, usishuke.

Kuna jambo dogo la upande. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo pancha ya kushoto inakuweka upande wa majani, na gari lenyewe linakukinga kidogo. Pancha ya kulia inakuweka mgongo barabarani. Ikiwa ni ya kulia, sogea ndani zaidi ya unavyodhani inatosha.

Sasa pembetatu. Kila mmoja anazo, maana trafiki huwa anaziuliza. Wengi wanaziweka hatua kumi nyuma ya gari. Hebu tupige hesabu pamoja. Basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu, zinapita sekunde moja au mbili kabla mguu wake haujagusa breki. Hizo ni mita 22 hadi 44, na basi bado halijaanza hata kupunguza mwendo. Pembetatu ya hatua kumi ni pambo. Hesabu hatua mia moja na zaidi, na kama nyuma yako kuna kona au mlima, ipeleke kabla ya kona, siyo baada yake. Ya pili iweke mbele, kwa sababu kwenye barabara ya njia mbili anayetoka mbele naye anaweza kuovateki akaja upande wako. Ukienda kuiweka, tembea nje ya lami, na uishike kifuani ikiwa imefunguliwa, ikutangulie kuonekana.

Matawi? Najua mnaweka matawi, mimi pia nimekulia humo. Dereva yeyote wa nchi hii akiona matawi mabichi juu ya lami anajua mbele kuna gari bovu. Mchana yanafaa kama nyongeza. Usiku tawi haliakisi mwanga, na gari la kwanza likilipitia halipo tena. Ninalolichukia zaidi ni mawe. Watu wanapanga mawe kwenye lami, wanabadilisha tairi, wanaondoka zao, mawe wanayaacha. Saa nne usiku kijana wa bodaboda anayakuta. Ukiweka jiwe barabarani, ni lako mpaka uliondoe.

Abiria wote washuke, na watoto wasibaki ndani ati wamelala. Washuke kwa milango ya kushoto, wakae mbali na barabara, wala wasijipange nyuma ya gari kuangalia unavyofanya kazi.

Haya, jambo la pili. Nyoosheni mikono: nani hapa ana gari la otomatiki? Karibu wote. Nani huvuta breki ya mkono kila anapoegesha? Naona mikono imepungua. Ndiyo maana nimekuja.

Mnaweka P, mnazima, mnashuka. Kwa kuegesha kwenye tambarare sawa. Lakini sikilizeni P inafanya nini. Inafunga gia, na gia imeungana na magurudumu yanayovuta gari. IST, Vitz, Passo na nyingi za aina hiyo zinavutwa na magurudumu ya mbele. Kati ya magurudumu hayo mawili kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na mwenzake ili gari liweze kukata kona. Sasa nyanyua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Lile la hewani liko huru kuzunguka kinyumenyume, kwa hiyo lililobaki chini nalo liko huru. Umeweka P, na P haishiki chochote! Gari zima linategemea breki ya mkono, ambayo iko magurudumu ya nyuma, na ambayo kwa wengine waya wake umelegea miaka mingi kwa kuwa hawautumii. Likisogea kidogo tu, jeki inalala.

Kwa gari linalovutwa nyuma, kama Hiace au Noah zile za zamani, shida ni ileile ila imehamia nyuma. Ukinyanyua gurudumu la nyuma, P au gia ya kwanza haishiki, na breki ya mkono imebaki inashika gurudumu moja tu.

Dawa yake ni rahisi, na utingo wanaijua kuliko sisi wenye leseni za madaraja mengi. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho, weka P, au gia ya kwanza kwa gari la manyuo, yaani la gia za mkono, kisha weka vigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini. Lazima kabisa lile lililo mkabala kwa pembe na unalonyanyua: unanyanyua la mbele kulia, kigingi kiende nyuma kushoto, mbele na nyuma ya tairi. Vipande viwili vya mbao kwenye buti havichukui nafasi. Jiwe linafaa, mradi liwe na ubapa, maana la mviringo linaviringika pamoja na gari. Na hili jiwe nalo uliondoe!

Jeki iliyokuja na gari ni ya kunyanyulia kwa dakika chache, basi. Gari juu yake ni kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Usiingize mkono wala kichwa chini, hata kama nati imeviringikia huko; itoe kwa fimbo. Mahali pa kuweka jeki ni pale kwenye ukingo wa chini ya milango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya la nyuma, palipokatwa alama mbili. Ukiiweka kwengine unabonyeza bati. Kwenye mchanga au udongo uliolowa weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki. Na gari likishaanza kunyanyuka, chukua tairi la spea ulisukume lilale chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, halitakuangukia wewe. Ukishachomoa lililoharibika, unalibadilisha na lile la chini.

Nati zilegezwe gari likiwa bado chini. Mzunguko nusu tu, usizitoe. Ukisubiri mpaka gari liko juu, gurudumu litazunguka na spana, na kwa kuvuta kwa nguvu utalitikisa gari juu ya jeki.

Hapa mtaniambia nati haziachii. Ni kweli, maana mafundi wengi wanazikaza kwa mashine ya upepo. Toyota ndogo nyingi zinahitaji nguvu ya newtoni-mita 103. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuweka mzigo wa kilo 35 hivi kwenye ncha ya mpini. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake, tayari ni mara mbili. Mashine nayo haiulizi. Kwa hiyo ukitoka gereji, mwombe fundi amalizie kwa mkono. Na uwe na kipande cha bomba la chuma cha kurefushia spana wakati wa kufungua. Wakati wa kufunga usikitumie. Wala usipake nati oili au grisi. Zitateleza na utazikaza kupita kiasi bila kujua.

Kufunga: ule upande wa nati uliochongoka kama koni utazame rimu. Anza na vidole, zote ziingie vizuri. Shusha gari mpaka tairi liguse chini, kisha kaza kwa kuruka, moja kisha ya mkabala, usizifuate kwa mduara. Ukishakwenda kilomita 50 au 100, simama uzijaribu tena. Rimu za aluminiamu hasa, nati zake hupenda kulegea kidogo mwanzoni.

Mama pale nyuma ameuliza: kama gari halina spea? Swali zuri, kwa sababu haya ya kutoka Japani siku hizi mengi hayana. Ni ajabu kidogo. Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na gurudumu la akiba. Ndugu wawili wa ukoo wa Davies, mjini Llanelli huko Wales, ndio walioanza kuliuza mwaka 1904. Zaidi ya karne imepita, na watengenezaji wanaliondoa tena ili gari liwe jepesi. Badala yake wanakuwekea pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Tairi likichanika ubavuni haisaidii kitu, na chupa yenyewe ina tarehe ya mwisho. Gari limetoka Japani lina miaka kumi, chupa nayo ina miaka kumi, na maelezo yote ni ya Kijapani. Ushauri wangu: nunua spea, rimu iwe na matundu yanayolingana na ya gari lako, na ukishainunua ijaribishe nyumbani kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa.

Kuna wenye spea nyembamba, ile ndogo ya dharura. Soma ubavuni mwake: upepo wake ni psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi pancha. Nimeona magari mjini yanaitembelea miezi. Na spea ya aina yoyote ikikaa kwenye buti bila kupimwa, siku ya siku unakuta nayo haina upepo. Ipime kila unapopima nyingine. Angalia na umri: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ikiwa 2311, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Hata kama haijawahi kugusa lami, mpira umezeeka.

Kaka ameuliza kuhusu nati moja isiyofanana na wenzake. Hiyo ni nati ya kufuli, ya kuzuia wezi wa rimu, na ina kichwa chake cha kufungulia. Wengine wanacho kwenye dashibodi hawajui ni nini, wengine kilibaki Japani. Kitafute leo. Kama hakipo, mwambie fundi akutolee nati hizo aweke za kawaida. Na wenye Mercedes, BMW na Volkswagen, zenu nyingi zinatumia boliti badala ya nati, kwa hiyo ukizitoa zote rimu haina pa kuning'inia. Shika rimu kabla hujatoa ya mwisho.

Dada anauliza kama ni aibu kumwita fundi. Hakuna aibu. Kama ni usiku, uko peke yako, pancha ni ya kulia na pembezoni hapatoshi, mimi mwenyewe ningewasha hazadi, nikaweka pembetatu, nikakaa mbali na gari na kupiga simu. Tairi linaweza kusubiri asubuhi.

Sasa tutoke nje. Ile IST nyeupe iliyoegeshwa chini ya mwembe ni ya nani? Tuanze nayo. Mwenyewe atuletee jeki, na kabla hajaileta, wengine tafuteni vigingi viwili.