Mwalimu, mikono mfukoni

Habari za mchana walimu wenzangu, asanteni sana kwa kuniita. Nimeambiwa niongelee kufundisha roboti darasani, ila leo ntaongelea zaidi mikono, yenu na yangu, maana naamini kabisa hapo ndo somo linapoharibika.

Angalieni hii gari hapa mezani. Ni seti ya kawaida ya kujifunzia: kibao cha Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoongoza gari, mota mbili za njano zenye gia ndani, matairi mawili na kagurudumu kadogo ka mbele, betri, na hii sensa ambayo wanafunzi wangu wanaiita bundi kwa sababu ina macho mawili. Sasa hayo sio macho, moja linapiga sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliisikii na lingine linasubiri mwangwi urudi. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwaiyo ukijua imechukua muda gani unajua kizuizi kiko mbali kiasi gani, ndo hivo tu.

Kuna kundi moja darasani kwangu, wanafunzi wanne, walitaka gari isimame ikibaki sentimita 20 kufika ukutani. Ikasimama kwenye 10. Wakarudia, 10 tena. Wakabadilisha namba kwenye programu wakaweka 40, ikasimama 20, wakafurahi lakini mmoja akagoma, akasema hapana hii tumeidanganya tu. Mimi niko nyuma yao na kosa nimeshaliona, hawajagawa kwa mbili, ni mstari mmoja, na jamani hakuna wakati mgumu kama huo kwenye kazi yetu, mdomo unawasha, mkono unataka kushika kibodi. Nikanyamaza. Wakachukua rula, wakasimamisha daftari mbele ya sensa kwenye 15, ikasoma 30, wakaisogeza kwenye 25 ikasoma 50. Binti mmoja akatulia kidogo, alafu akanyoosha kidole toka kwenye sensa mpaka kwenye daftari, akakirudisha. Akasema, "Si inaenda alafu inarudi! Sisi tumehesabu nauli ya kwenda na kurudi."

Mwangwi nimeufundisha ubaoni miaka mingi, fomula ipo, mfano upo, na kila mtihani wapo wanaosahau kugawa kwa mbili. Yule binti hasahau tena. Lingekuwa jibu langu angelinakili tu, na kwa vile amelitoa kwenye kidole chake mwenyewe ni lake.

Wala hili wazo sio la juzi. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefundisha chuo kikuu cha MIT kule Marekani, yeye na wenzake walianzisha Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta, mwaka 1967, na baadae watoto wakawa wanamwamuru kobe wa roboti atembee sakafuni akichora. Mtoto akitaka mraba anasimama kwanza anautembea mwenyewe, mbele, kata kona, mbele, kata kona, alafu ndo anaandika. Mwili wake unafikiri kabla ya kompyuta.

Mtaniuliza ninunue seti gani. LEGO, kampuni ya vitu vya kuchezea, walikuwa na seti ya roboti inaitwa Mindstorms toka 1998, seti nzuri kwelikweli, lakini mwaka 2022 wakaacha kuiuza, na shule iliyoegemea seti moja ya aina hiyo ikipoteza kipande inahangaika. Mi napendelea Arduino, ilianzia mji wa Ivrea Italia mwaka 2005, michoro yake iko wazi kwa yeyote ndo maana nakala zake ni za bei nafuu, na mota ikifa unanunua mota, hununui boksi zima. Ila msiendeshe mota kwa ile betri ya mraba ya volti 9, haina nguvu hiyo, gari inashtuka inazima na watoto wanadhani programu yao mbovu. Alafu kama mota zina betri yake peke yake, waya wa hasi wa hiyo betri uunganishwe na hasi ya kibao, bila hivo mtakesha.

Kitu kingine kinaniuma. Boksi linanunuliwa, linafungiwa kabatini ofisini, linatolewa siku ya mgeni, gari inaendeshwa, watu wanapiga makofi, linarudi kabatini na hakuna mtoto aliyefungua hata skrubu moja. Hata likitoka, kundi likiwa la watu nane mmoja anashika bisibisi kipindi kizima na saba wanatazama, na mara nyingi huyo mmoja ni mvulana. Mi naweka wanne wanne, kila dakika 15 bisibisi inahama mkono, aliyekuwa anafunga waya anakaa kwenye programu, hata kama wako karibu kumaliza, wananuna, wanazoea.

Basi nimeongea ya kutosha, tusogee mezani. Kaeni wanne wanne. Gari zote nimezichomoa waya makusudi, na kwenye mojawapo nimegeuza waya za mota moja, itazunguka palepale kama pia. Atakayeipata asiniite, mi ntakuwa nimesimama pale mlangoni mikono mfukoni.