Buu la Glaresis liko wapi?

Ndugu wasikilizaji, wanaonifahamu wanajua nitazungumzia buu, na leo tena ni buu.

Glaresis ni mbawakawa wadogo mno, milimita 3 hadi 6 hivi, wakazi wa mchanga wa nchi kavu. Hawapo Australia, ila kusini mwa Afrika wapo. Usiku ukitundika shuka jeupe na kuwasha taa, wanakuja wenyewe. Mtaalamu wa wadudu Erichson aliipa jenasi hii jina mwaka 1848, na mpaka leo hakuna aliyetuonyesha buu lake.

Walianza kwa kuwekwa katika familia ya Trogidae, wale wanaokula ngozi na manyoya ya mizoga mikavu. Mwaka 1987 Scholtz na wenzake wakawapa familia yao, Glaresidae. Mwaka 1994 Scholtz, Browne na Kukalová-Peck wakawachunguza tena, na mishipa ya mbawa ilikuwa hoja yao kubwa. Wakasema hawa ndio wa kale kuliko skarabi wote, yaani kundi kubwa la mbawakawa lenye familia hizi zote, wakawafananisha na Archaeopteryx, yule ndege wa kale wa visukuku. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini ilisoma mdudu mzima tu, yule aliyekwisha komaa!

Kwa skarabi, buu ni shahidi wa pili. Mabuu ya familia ya Geotrupidae husugua mguu wa nyuma kwenye wa kati yakatoa sauti. Ya familia nyingine nyingi hayana kiungo hicho. Vitawi viwili vya taya la chini, ama vimeungana ama vimeachana, na hilo limeamua mengi katika upangaji wetu. Mdudu mzima hawezi kukuambia hayo. Tunawezaje kumkalisha kwenye shina la ukoo mzima kiumbe ambaye utoto wake hatuujui?

Mtasema DNA itamaliza ubishi. Haijaumaliza, tafiti zilizofuata zimemhamisha huku na huku. Na hata zikikubaliana kesho, zitatutajia ndugu zake, hazitatuambia anakula nini. Wapo wanaokisia kuvu wa chini ya ardhi. Tumekisia vya kutosha!

Nilitaka pia kuwaeleza skarabi wengine wawili: Diphyllostoma wa California, aliyehesabiwa katika familia ya Lucanidae hadi mtafiti Holloway alipompa familia yake mwaka 1972, na Belohina wa Madagaska, familia nzima yenye spishi moja. Muda hauruhusu.

Wanafunzi mnaokwenda nyikani, nawaomba jambo moja. Mkishazima taa, chukueni majembe na chekecheke, mchimbe palepale. Wadudu wazima makabatini wapo.