Mpaka Utembelewe Kwanza, Hati Ifuate

Ndugu zangu, wazee wangu, vijana mliofika,

Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliwapa ushindi Wamayangna, watu wa asili wa kijiji cha Awas Tingni, Nicaragua. Serikali ilikuwa imeiruhusu kampuni kukata mbao kwenye msitu wao bila ridhaa yao. Mahakama ikaamuru ardhi ipimwe, iwekewe mipaka, wapewe hati. Hati ilitoka Desemba 2008. Miaka saba! Na moja ya mambo yaliyoichelewesha ni madai ya vijiji jirani yaliyoingiliana na yao.

Hapo ndipo penye uzito. Tunajiandaa kukabiliana na serikali na makampuni, ila mgogoro wetu na jirani tunauahirisha mpaka mpima ardhi afike. Akishachomeka bikoni, yaani alama za mpaka, aliyekuwa akipitisha mifugo kwa ruhusa ya kimila anaitwa mvamizi.

Kwa hiyo nasema: wasuluhishi waende shambani na msituni. Mzee wa upande huu aoneshe mto, kaburi, mti wa mpaka. Na wa upande wa pili awepo, asikie, apinge palepale. Masimulizi ni ushahidi. Kanada, watu wa asili Wagitxsan na Wawet'suwet'en, wakidai ardhi yao, walipeleka mahakamani nyimbo na historia za koo zao. Jaji wa kwanza hakuzipa uzito. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikasema ushahidi wa mdomo usidharauliwe mbele ya maandishi, ikaagiza kesi isikilizwe upya.

Lakini wazee wasiwe wanaume peke yao, na hili nalisema kwa uchungu. Mwanamke aliyeteka maji na kuokota kuni eneo hilo maisha yake yote anaujua mpaka, na mjane ndiye wa kwanza kufukuzwa ukikosewa. Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu Haki za Watu wa Asili, ibara ya 40, linataka uamuzi wa mgogoro uzingatie mila pamoja na haki za binadamu. Vyote viwili, wala si kimoja.

Pande mbili zikikubaliana, taarifa ya makubaliano iandikwe kwa lugha yao, isomwe kwa sauti mbele ya pande zote. Isiandikwe nani mwenye ardhi tu: iandikwe nani anapita, nani anachunga wakati wa kiangazi, nani anarina asali na mwezi gani. Ndipo mpima ardhi aitwe.