Kabla hujapiga wastani, uliza ile namba ni ya nini

Habari za mchana jamani, mliosimama nyuma njooni, huku mbele viti bado vipo. Rasta mnaijua, nasemea ya ramani siyo ya saluni, yaani ramani iliyokatwa vimraba, kila kimraba ni pikseli na ndani yake kuna namba, kwa hiyo sipotezi muda zaidi hapo. Nina neno moja leo na wengine mmeshanisikia nikilipigia kelele: ukitaka kuikuza pikseli, toka meta 10 mpaka kilomita 1, jiulize kwanza ile namba iliyomo ndani ni nini. Ni kipimo, ni idadi, au ni jina tu limevalishwa namba?

Kuna kijana kwenye semina moja alinionyesha ramani ya Dar, kazi safi, rangi zimetulia, ila Mikocheni vipande kibao vimeandikwa nyasi. Nyasi, Mikocheni! Nikamwambia hebu fungua data. Katumia WorldCover ya 2021, ramani ya aina za ardhi ya ESA, lile shirika la anga za juu la Ulaya, ile yenye pikseli za meta 10, na mle ndani miti imepewa namba 10, nyasi ni 30, majengo ni 50. Sasa chukua mtaa wenye nusu mapaa, nusu miembe na minazi, halafu upige wastani kama alivyofanya yeye: 10 na 50 ni 60, gawa kwa 2, hiyo hapo 30. Nyasi. Na programu haijakosea, imegawanya vizuri kabisa. Ufukweni ndo balaa zaidi, miti 10 na maji 80 inakupa 45, namba ambayo hata kwenye orodha yao haipo. Msimcheke, kijana yule ni makini sana, hakuna aliyewahi kumwambia na hilo ndo linaloniuma.

Najua kuna mtu anasema moyoni, basi mimi nitatumia wengi wape, aina iliyo nyingi ndo ichukue pikseli. Afadhali, ila twende pale Mto Msimbazi unapomwaga baharini, karibu na daraja la Salenda. Pikseli moja ya kilomita 1 inameza 10,000 za meta 10. Tuseme maji 4,000, majengo 3,500, mikoko 2,500. Maji yameshinda, mikoko kwaheri. Na mikoko maisha yake ni kwenye ukanda mwembamba, kila pikseli inashindwa kura, kwa hiyo ukizidi kukuza ndo inazidi kufutika, mwisho mtu wa mipango anaangalia ramani yako anasema mbona hapa hamna mikoko, jengeni tu.

Dawa yake ni nyepesi: tengeneza leya, yaani tabaka la ramani, ya mikoko peke yake, penye mikoko weka 1, pengine pote 0, HALAFU piga wastani. Hapo wastani ni halali kabisa, unapata 0.25, yaani robo ya pikseli ni mikoko. Fanya hivyo kila aina utakayoihitaji.

Kwa nini tusibaki na meta 10? Mimi ningependa, ila Tanzania nzima hiyo ni pikseli bilioni 9 na ushee na laptop zenu nazijua. Halafu msiniambie programu itachagua yenyewe, gdalwarp, ile programu ya kubadili rasta, usipoiambia kitu inachukua jirani wa karibu, yaani moja kati ya zile 10,000, nyingine zote inazitupa.

Watu sasa, na hapa naenda mbio maana naonyeshwa saa. Rasta ya idadi ya watu ya meta 100, kwenda kilomita 1 ni pikseli 100 kwenye moja. Watu wanajumlishwa, hawapigwi wastani! Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ukipiga wastani nchi nzima inabaki na kama laki 6, yaani umefuta watu milioni 61 kwa kubonyeza mara moja.

Rasta ya mwinuko, hiyo wastani unaifaa, ila kilele cha Kilimanjaro hutakiona tena meta 5,895, na mteremko ukokotoe kabla ya kukuza, siyo baada. Mvua tutaiongea siku nyingine.

Haya fungueni laptop, tunaanza na ile ya watu. Kabla ya kukuza andika pembeni jumla ya pikseli zote, ukimaliza jumlisha tena, na kama zimepishana sana nyosha mkono nije.