Weusi Hauna Namba

Shikamooni wakubwa zangu. Wanafunzi, hamjambo.

Nimekuja kusema juu ya rangi ya ngozi katika hesabu za kitabibu. Naanza na figo kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tukitaka kujua figo zinachuja vipi, tunapima kreatinini katika damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa, tunaingiza umri na jinsia kwenye kanuni, tunapata namba; ikishuka, figo zinadhoofika. Kanuni iliyotumika sana Marekani tangu 2009 iliuliza na jambo jingine: huyu ni mweusi? Ukijibu ndiyo, namba inazidishwa kwa 1.159.

Chukueni wagonjwa wawili wa huko. Umri mmoja, jinsia moja, kreatinini ile ile. Mzungu anapata 18, mweusi anapata karibu 21. Na huko, mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu haanzi kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa mpaka ashuke hadi 20. Wa kwanza yumo kwenye foleni. Wa pili anaambiwa figo zako bado zinajitahidi, rudi nyumbani. Majibu ya maabara ni yale yale! Na mtoto wa baba mweusi na mama mzungu, tumzidishe kwa ngapi?

Waliotunga kanuni ile hawakuwa na nia mbaya, na ni haki niseme hivyo. Katika takwimu zao, Wamarekani weusi walikuwa na kreatinini ya juu kuliko wazungu ambao figo zao zilichuja sawa na zao. Ikasemwa ni misuli. Misuli ya nani? Ya dereva wa lori wa Chicago, au ya bibi anayelima mihogo Kigoma? Watafiti wa Kinshasa waliwapima Wakongo wazima wenye afya njema, wakachapisha matokeo 2018: kile kizidishio kilikuwa hakiwafai.

Mtaniuliza, na jeni je, si zinatofautiana? Zinatofautiana sana, ndiyo maana neno “mweusi” halitoshi. Iko aina ya jeni ya kinga iitwayo HLA-B*57:01. Aliye nayo akipewa abakaviri, dawa ya VVU, anaweza kupata mzio wa kumuua. Katika sampuli zilizopimwa, Wayoruba wa Nigeria hawakuwa nayo kabisa. Waluhya wa Kenya walikuwa nayo asilimia 3.3, Wamaasai wa Kenya hiyo hiyo asilimia 13.6. Faili la kila mmoja wao lingeandikwa “mweusi”, na daktari asingejua lolote la kumsaidia.

Selimundu ilitufundisha hili zamani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akachapisha mwaka 1954: chembe ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ni haba nyanda za juu zenye baridi. Ilifuata malaria, si rangi ya ngozi. Ndiyo maana iko pia Ugiriki, India na mashariki mwa Saudi Arabia.

Wako madaktari weusi wa Marekani wanaoogopa kuifuta rangi kwenye takwimu zote, nami nawasikiliza. Kule mama mweusi anakufa kwa uzazi zaidi ya mara mbili ya mama mzungu. Usipoandika rangi yake, nani atakiona kifo hicho? Basi iandikwe pale tunapochunguza watu wanavyotendewa. Kwenye hesabu ya figo iondoke.

Huko imeondolewa, mwaka 2021. Januari 2023 vituo vya upandikizaji vikaagizwa kupekua mafaili na kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopunjwa kwenye foleni. Waliokufa wakisubiri hawakuwa na cha kurudishiwa.

Wanafunzi, kesho mkipita maabara mtakakopangiwa, waulizeni wataalamu kwa adabu ni kanuni gani iko ndani ya mashine yao. Mkikuta bado inauliza weusi, njooni ofisini kwangu na karatasi ya majibu mkononi, tuandike barua pamoja.