Wasami walivyoandikwa na watu wasiowajua

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Niko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, na leo nina jambo limenikaa rohoni.

Wenyeji wa asili wa huku ni Wasami. Nchi yao imekatwa na mipaka minne: Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi. Kitabu kilichowatangaza Ulaya nzima kilitoka 1673, kinaitwa Lapponia, kazi ya Johannes Schefferus, profesa wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Sasa sikieni: huyu bwana hakuwahi kufika kwa Wasami! Alitegemea taarifa za wachungaji wa kanisa waliokuwa huko, pamoja na mwanafunzi mmoja Msami, Olaus Sirma. Wakubwa wa Uswidi ndio waliomwagiza aandike, maana ilikuwa inavumishwa kwamba majeshi yao yanashinda vita kwa uchawi wa Wasami. Kitabu kikatafsiriwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa. Wasomaji wakang'ang'ania kile kile kilichotakiwa kizimwe: ngoma za uganga na uchawi.

Mwaka 1681 akaja Mfaransa, Jean-François Regnard, ambaye baadaye alivuma kwa kuandika michezo ya kuchekesha. Huyu alifika kweli, akapita haraka. Akaandika kwamba mume wa Kisami humpa mgeni mkewe alale naye, na huona ni heshima. Jamani! Lugha yao hakuijua, na mengi aliyachota kwa Schefferus. Halafu unavunjia watu heshima ya ndoa zao, nao hawana pa kukujibu. Hilo linaniuma sana.

Adabu yenyewe ya Wasami, hii hapa moja: mfugaji haulizwi ana kulungu wa kaskazini (reindeer) wangapi. Ni kama kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki. Ukiuliza, utajibiwa kwa upole, "Wapo upande huu wa mti na upande ule." Wafugaji wa kwetu mnanielewa.

Msami kuandika kitabu kuhusu watu wake, kwa lugha yake, tulingoja hadi 1910. Johan Turi, mwindaji wa mbwa mwitu. Anaeleza mapema kabisa kwamba Msami akifungiwa chumbani akili haimfunguki, kwa kuwa upepo haumpigi puani; kikao kingekuwa juu mlimani, angeyasema yote. Tafsiri ya Kiingereza ipo, kitafuteni kwa jina la Turi.