Uliza Seva Mbili Tu

Nawashukuru kwa kufika. Niingie moja kwa moja: mfumo una seva 100, yaani kompyuta zinazohudumia watumiaji, na ombi la mtumiaji limeingia. Lipelekwe wapi?

Najua wengi mtasema lipelekwe kwenye foleni fupi kuliko zote. Ni sawa kabisa, kama kisambazaji, yaani programu inayogawa maombi kwa seva, ni kimoja na kinaona kila foleni papo hapo. Mifumo mikubwa haiko hivyo. Visambazaji ni vingi, na taarifa za foleni huvifikia zimechelewa. Tuseme zinafika kila sekunde. Seva ya 37 inaonekana tupu. Sekunde nzima visambazaji vyote vinaimwagia maombi. Taarifa mpya ikifika, ya 37 imezidiwa, na visambazaji vyote vinahamia ya 12. Nyingine zimekaa bure.

Basi tubahatishe? Maombi milioni moja yakigawiwa ovyo kwa seva milioni moja, ile iliyolemewa zaidi hubeba 8 au 9. Sasa tubadilishe jambo moja: kwa kila ombi chagua seva mbili kwa kubahatisha, kisha ulipeleke kwenye yenye mzigo mdogo. Kilele kinashuka hadi 4! Ukiongeza ya tatu, nafuu yake ni ndogo mno.

Watafiti Azar, Broder, Karlin na Upfal walilithibitisha hili mwaka 1994, na Mitzenmacher akalipeleka kwenye foleni halisi katika tasnifu yake ya 1996 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwangu mimi, ni kati ya matokeo mazuri kuliko yote katika fani yetu. Na angalieni linavyotibu ule ugonjwa wa taarifa zilizochelewa: kati ya seva 100, ile inayoonekana tupu huchaguliwa kwenye maombi mawili tu katika kila mia. Hata taarifa ikiwa ya zamani, seva hiyo haiwezi kuvamiwa na visambazaji vyote.

Kwenye NGINX, programu ya seva ya wavuti inayoweza pia kugawa maombi, tangu toleo la 1.15.1 la mwaka 2018, ni mstari mmoja:

random two least_conn;

Ila kabla hamjauweka, jihadharini na seva mbovu. Seva iliyopoteza mawasiliano na hifadhidata hurudisha kosa ndani ya milisekunde chache, hivyo foleni yake ni fupi daima, na kila ikichaguliwa hushinda mwenzake. Inameza maombi na kuyaharibu, huku grafu za mzigo zikionekana nzuri. Kwa hiyo pimeni makosa pamoja na foleni, na seva ikizidisha makosa itolewe kwenye orodha mpaka ipone.